Likizo kubwa, chupa na migomba: vijana wetu wanaokwenda staji ya mimea Bujumbura

 

Kila mwaka ikifika mwezi wa saba, shule zinafungwa. Mvua imekatika, vumbi limeanza, na katika nyumba nyingi hapa kambini hesabu ni ile ile: mtoto yuko nyumbani, basi asaidie. Kuna maji ya kuchota, kuni, kile kimeza cha mama sokoni, na wadogo wa kuangalia. Chakula cha PAM kimepunguzwa mara kadhaa miaka hii, kwa hiyo mikono miwili ya kijana si kitu cha kuchezea. Sasa katikati ya hesabu hiyo, yule mtoto mmoja aliyefika chuo kikuu anakuja na karatasi na kusema: mama, papa, ninataka kwenda Bujumbura miezi miwili, staji.

Wazazi watatu walitujia kwa jambo hili, kila mmoja kwa wakati wake, na wote waliuliza karibu neno moja. Mama mmoja alisema hivi: "Miezi miwili bila franga, aende kuosha chupa za wazungu? Chupa hata hapa ziko." Tulicheka naye kidogo, lakini swali lake si la kuchekwa. Ndiyo maana tumeuliza huku na huku, tukaongea na vijana waliokwisha kufanya staji hiyo, na tunawaandikia tuliyoyapata.

Kwanza, staji ni nini. Wengi tunajua staji ya mwalimu au ya muuguzi: unakaa na mkubwa wa kazi, unafanya pamoja naye, mwisho anakuandikia karatasi. Staji ya utafiti wa mimea ni hiyo hiyo, ila kazi yenyewe ni kutafuta jibu ambalo hakuna mtu analo bado. Darasani mwalimu anajua jibu kabla ya kuuliza. Kwenye staji ya utafiti hata mkubwa hajui. Kwa kijana aliyezoea kukariri, hilo peke yake linasumbua kichwa wiki ya kwanza.

Na kwa nini Bujumbura? Makao ya siasa yalihamia Gitega, sawa, lakini kwa mambo ya mimea Bujumbura bado ni mji wa kuangalia. Kuna Chuo Kikuu cha Burundi, kilichoanza 1964, chenye kitivo chake cha agronomia. Kuna ISABU, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, iliyoundwa 1962, mwaka wa uhuru, ikarithi vituo vilivyokuwa vya INEAC ya Wabelgiji. (INEAC hiyo wazee wetu wa Kongo wanaikumbuka. Ilianzishwa 1933 na makao yake yalikuwa Yangambi, karibu na Kisangani. Ile ndizi tunayoiita yangambi imepata jina lake hapo. Watu wanaila miaka yote bila kujua kwamba wanataja kituo cha utafiti.) Kuna maabara za watu binafsi zinazozalisha miche kwenye chupa, kama Agrobiotec na Phytolabu. Na taasisi ya kimataifa ya mpunga, IRRI, yenye makao yake Ufilipino, imefanya kazi Bujumbura pamoja na ISABU na chuo kikuu, kwa kuwa tambarare ya Imbo ni nchi ya mpunga.

Halafu kuna jambo la majira. Ulaya na Marekani wanafunzi hufanya staji wakati wa joto, mashamba yamejaa majani. Kwetu likizo kubwa inaangukia kiangazi, vilima vimekauka, na mtu anaweza kuuliza: mimea gani utachunguza mwezi wa nane? Lakini Burundi ina misimu mitatu ya kilimo. Wa kwanza unaanza na mvua za mwezi wa tisa, wa pili mwezi wa pili, na wa tatu, unaoitwa msimu C, ni wa mabondeni kuanzia mwezi wa sita hadi wa tisa, pale maji yanapopungua na watu wanalima maharage, viazi na mboga ndani ya bonde. Kwa hiyo kazi ya shamba ipo. Na ndani ya maabara hakuna kiangazi wala masika, taa ndizo jua.

Tulitaka kuelewa habari ya chupa, kwa hiyo tuliongea kwa muda mrefu na msichana mmoja wa hapa kambini anayesoma agronomia. Jina lake hapendi liandikwe, na ile maabara hatuitaji. Mama yake anauza nyanya na ndagala. Barua ya kukubaliwa staji ilipofika, nyumbani hakukulalika. Kaka yake mkubwa alisema aende. Mjomba alisema msichana hawezi kukaa mjini peke yake. Mama alinyamaza siku tatu, halafu akauliza swali moja tu: "Utakula nini?" Ilibidi apatikane shangazi wa kanisani kule Kamenge wa kumpokea, na nauli ikakopwa. Hivyo ndivyo alivyokwenda.

Wiki mbili za mwanzo alifanya kweli ile kazi ambayo mama mwingine aliidharau: aliosha chupa. Anatueleza sababu. Mgomba hauna mbegu ya kupanda. Unazaliwa kwa chipukizi linalotoka pembeni ya mama yake, na kama mama anaumwa, mtoto anazaliwa na ugonjwa. Watu wa maabara wanachukua chipukizi kutoka mgomba uliopimwa na kuonekana mzima, wanalimenya ganda kwa ganda mpaka ibaki ncha ndogo ya katikati, wanaiosha kwa javeli na kwa maji safi, kisha wanaiweka ndani ya chupa yenye uji mgumu uliotengenezwa kwa agari, ambayo inatoka kwenye mwani wa baharini. Uji huo una sukari, chumvi za aina nyingi na dawa za kuamsha ukuaji. Ule uji ni chakula cha mche. Lakini sukari hiyo hiyo ni chakula cha ukungu na cha bakteria. Kama chupa ina uchafu hata usioonekana kwa jicho, baada ya siku nne utakuta nyuzi nyeupe za ukungu zimekula kila kitu. Ndiyo maana chupa zinaoshwa, kisha zinapikwa ndani ya chungu cha mvuke kwenye joto la nyuzi 121, kisu kinapitishwa motoni, na mtu anafanya kazi mbele ya kabati linalopuliza hewa safi, amefunga nywele na hapigi gumzo.

Baada ya wiki mbili alipewa swali lake. Lilikuwa dogo: ncha ya mgomba ikae ndani ya javeli muda gani? Ikikaa kidogo, ukungu unabaki. Ikikaa sana, ncha yenyewe inaungua. Kila mahali javeli ya dukani ina nguvu yake na udongo una uchafu wake, kwa hiyo jibu la kitabu cha nchi nyingine halitoshi. Akagawa chupa katika makundi matatu, kila kundi na muda wake, mengine yote yakiwa sawa: uji mmoja, taa moja, aina moja ya ndizi. Kila asubuhi alihesabu: ngapi safi, ngapi zimeota ukungu, ngapi zimegeuka nyeusi. Akaandika kwenye daftari kwa kalamu ya wino, tarehe juu, bila kufuta.

Siku moja alikuta karibu nusu ya chupa za kundi moja zimeharibika. Anasema alilia chooni. Aliona amepoteza mali ya watu, watamfukuza. Alipokwenda kumwambia msimamizi, yule baba hakukasirika hata kidogo. Alimuuliza: "Umeandika ngapi?" Basi. Chupa zilizooza zilikuwa nusu ya jibu alilotumwa kutafuta. Sisi tuliposikia hapo, tuliona kwamba shule nyingi tulizosoma hazikutufundisha jambo hilo, kwamba kitu kilichoharibika kikihesabiwa vizuri ni habari.

Mama mwenye swali la chupa anaweza bado kusema, haya, mche ndani ya chupa unanihusu nini mimi? Hapo ndipo tunaomba tukae kidogo, kwa maana sisi watu wa kukimbia tunahusika kuliko wengine.

Migomba ya eneo letu ina maadui wakubwa wawili. Wa kwanza ni kirusi ambacho watafiti wanakiandika BBTV. Yangambi kilitajwa tangu miaka ya 1950, na Burundi kiliripotiwa 1987 katika bonde la Rusizi. Mgomba ulioshikwa, majani yake mapya yanatoka membamba, yamesimama wima na kubanana juu kama ufagio, kingo zake za njano. Kwenye shina la jani unaona vistari na vidoa vya kijani kizito, kama mtu aliyechora kwa kalamu. Mgomba ulioshikwa ukiwa mdogo hauzai. Kinachokisambaza shambani ni vidukari, wale wadudu wadogo weusi wanaojificha kwenye maungio ya majani. Lakini vidukari hawaendi mbali peke yao. Anayekipeleka kirusi kutoka wilaya hadi wilaya ni mtu aliyebeba chipukizi.

Wa pili ni mnyauko wa bakteria. Ulionekana Ethiopia zamani, 1968 ukaandikwa rasmi kule, ukafika Uganda na Kivu ya Kaskazini 2001, Rwanda 2005, Tanzania na Kenya 2006, na Burundi uliripotiwa 2010. Huu unaiva ndizi kabla ya wakati, ukikata ndani ni rangi ya kutu, na shina likikatwa linatoa usaha wa njano. Unasambazwa na wadudu wanaotembelea lile ua la chini la mkungu, na unasambazwa na panga. Unakata mgomba mgonjwa, unahamia mzima na panga lile lile, umeshaupanda ugonjwa. Kinga yake ni nafuu: ua la chini livunjwe kwa mti wenye panda, lisikatwe kwa kisu, na panga lipitishwe motoni au kwenye javeli kabla ya kwenda shina lingine.

Mihogo nayo ina yake. Mozaiki, ambayo Watanzania wanaiita batobato, inakunja majani na kuyatia madoa ya njano. Hiyo angalau inaonekana. Mbaya zaidi ni michirizi ya kahawia. Iliandikwa mara ya kwanza 1936 na Storey, mtafiti wa kituo cha Amani kule Usambara, Tanganyika, na kwa miaka mingi ikajulikana kama ugonjwa wa pwani na wa kando ya ziwa Nyasa. Burundi iliripotiwa 2011. Ubaya wake ni kwamba shamba linaweza kupendeza, sombe inachumwa vizuri, na siku ya kung'oa unakuta muhogo umeoza ndani, mkavu, wa kahawia. Mwaka mzima umekwenda. Nzi weupe wanaisambaza karibu karibu, lakini kwa safari ndefu inasafiri ndani ya vipando tunavyofunga kwa kamba na kubeba kichwani.

Na nani anabeba vipando kwa safari ndefu? Ni sisi. Mtu anakimbia na watoto, sufuria na godoro, na kama ana nafasi kidogo anaongeza vijiti vitano vya muhogo, kwa sababu anajua atakakofika atalala njaa. Halafu siku ya kurudi anafanya vile vile. Hatusemi kwamba magonjwa haya yaliletwa na wakimbizi. Yalikuwepo mipakani, na wafanyabiashara wanabeba mengi kuliko sisi. Tunachosema ni kwamba jicho linalojua kusoma jani linahitajika hapa kambini labda zaidi ya sehemu nyingine, na jicho hilo halitoki kwa radio.

Yule msichana alirudi mwezi wa tisa. Siku ya pili akipita nyuma ya nyumba za jirani aliona mgomba wa bibi mmoja, mtu wa heshima sana katika safu yao. Majani yamebanana. Akashika shina la jani, akaona vile vistari. Alikaa kimya siku nzima, maana mtoto hamwambii bibi ng'oa mgomba wako. Jioni alikwenda na mama yake, wakasalimia, wakakaa, ndipo akasema. Bibi alijibu kwa sauti ndogo kwamba chipukizi lile lilitoka kwenye shamba la marehemu mume wake, lilikuja ndani ya gunia na nguo za watoto, na kwamba katika vitu vyote vya nyumbani kwake ndicho kilichobaki hai.

Utajibu nini hapo? Kitabu kinasema ng'oa. Kinasema ngoa shina zima na watoto wake, si kukata juu tu. Msichana hakujibu kitabu. Alimuomba bibi jambo moja, asimpe mtu yeyote chipukizi kutoka pale mpaka mvua zikamilike, na wahesabu pamoja kila wiki. Jumapili baada ya ibada walikuwa wanakwenda, yeye na bibi, wanageuza majani. Kila jani jipya lilitoka fupi kuliko lililopita. Watoto wa mgomba wakatoka vile vile, wamekunjamana. Wiki ya saba bibi mwenyewe alimwita: "Mjukuu, njoo na jembe."

Walianza kwa kuosha majani na maji ya sabuni ili vidukari wasikimbilie kwa jirani, wakachimba mpaka kwenye kitako cha shina, wakakikatakata na kukiacha kikauke juani. Bibi alilia, hatutaficha. Lakini ile safu ina vishimo kumi na zaidi vya migomba, na chipukizi za bibi zilikuwa zimeahidiwa kwa nyumba tatu. Baadaye miche minne ya chupa ilikuja kwa basi ndani ya katoni, ikakaa kwanza chini ya kivuli cha nyasi ili izoee jua, maana mche uliotoka kwenye chupa una ngozi laini kama ya mtoto mchanga. Ukiutoa moja kwa moja juani unakufa. Na ijulikane kwamba mche safi haukingi ugonjwa siku zote. Ukiupanda karibu na mgomba mgonjwa, vidukari watauambukiza. Kwa hiyo kusafisha mahali kunatangulia.

Kuna waliosema msichana amejifanya mkubwa. Watu ni watu.

Haya, tuje kwa franga, maana hapo ndipo staji nyingi zinakufa. Staji nyingi za hapa hazilipi mshahara. Baadhi zinatoa nauli au chakula cha mchana, nyingine hazitoi kitu. Kutoka huku mashariki mpaka Bujumbura ni safari ya kutwa, na mafuta yakikosekana ni mbili. Mtoto anahitaji pa kulala, koti jeupe, viatu vya kufunika vidole, daftari gumu. Anahitaji pia karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini yenye tarehe zote za staji, si za wiki moja tu, kwa hiyo barua ya kukubaliwa ipelekwe kwa usimamizi wa kambi mapema. Tumeona kijana aliyerudishwa njiani kwa sababu ruhusa yake iliisha kabla ya staji. Wale wenye msaada wa masomo kama DAFI, ule ulioanza 1992 kwa fedha za Ujerumani kupitia HCR, waulize ofisini kama sehemu ya staji inaweza kufikiriwa. Kuuliza si kosa.

Sisi tunaona mzazi ana haki ya kuuliza maabara maswali, hata kama hakusoma. Mtoto wangu atasimamiwa na nani, jina lake? Atafanya swali gani, au ataosha chupa miezi miwili yote? Kuosha wiki mbili ni kujifunza. Kuosha wiki nane ni kufanya kazi ya bure, na hiyo ikatae. Je, atapewa glavu anaposhika javeli na spiriti? Mwishoni ataandikiwa karatasi yenye sahihi na muhuri, na kazi yake itatajwa? Na kwa wasichana, tuseme wazi: hakuna utafiti wa mimea unaofanywa nyumbani kwa bosi saa tatu usiku. Anayemwambia binti yako hivyo, staji hiyo iachwe siku hiyo hiyo na habari ipelekwe kwa wanaohusika na ulinzi hapa kambini.

Jambo lingine. Mtu akikwambia anakupatia nafasi ya staji Bujumbura au Ulaya ukimtumia pesa kwanza, huyo ni mwizi. Maabara ya kweli inaweza kushindwa kukulipa, lakini haikuuzii nafasi.

Ndugu zetu waliokwisha kuhamia Marekani nao wanatuuliza habari hii kwa simu, kwa hiyo tuongeze kidogo. Kule serikali, kupitia shirika lake la sayansi, NSF, ina mpango unaoitwa REU tangu 1987. Mwanafunzi wa chuo kikuu anakaa wiki kama nane hadi kumi wakati wa joto kwenye maabara, na analipwa. Masharti yake yanataka uwe raia au mwenye kibali cha ukaaji wa kudumu, ile grini kadi. Mkimbizi aliyepokelewa kule anatakiwa kuiomba baada ya mwaka mmoja, kwa hiyo vijana wetu wa Ohio, Texas na Kentucky walio chuoni wasijione nje ya mlango. Taasisi kama Boyce Thompson ya Ithaca, na Danforth ya St. Louis, zimekuwa zikipokea wanafunzi wakati wa joto kwa mambo ya mimea, na Danforth imetafiti kwa miaka mingi virusi hivi hivi vya mihogo pamoja na watafiti wa Uganda na Kenya. Maombi mengi yanafungwa mapema, mwezi wa pili hivi. Mwaka 2025 baadhi ya nafasi za REU zilifutwa kwa kukosa fedha, hivyo kila mwaka uliza upya.

Wako vijana wanaosema kusoma mimea ni kusoma kulima, na kulima hata babu alijua. Hao tunawapa habari ya Corneille Ewango, Mkongomani, msomi wa mimea aliyefanya kazi Epulu, katika hifadhi ya okapi kule Ituri. Vita ilipofika, wakubwa wengi waliondoka. Yeye alibaki, akaficha mikusanyo ya mimea iliyokaushwa, vitabu, kompyuta na takwimu za miaka mingi, na yeye mwenyewe akakimbilia msituni kama miezi mitatu. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman. Kwa mtu aliyekimbia na karatasi za shule ndani ya mfuko wa plastiki, hadithi hiyo haihitaji maelezo.

Na yule mama wa swali la chupa? Mtoto wake bado hajaenda. Wamekubaliana hivi: kijana atauza sabuni mwezi wa saba, aende mwezi wa nane tu, kama maabara itakubali mwezi mmoja. Barua imekwisha kutumwa, wanangoja jibu.

Kwa mwaka kesho, wanafunzi wa agronomia na biolojia wanaotaka kuandika maombi waanze kabla ya Pasaka, kwa kuwa mwezi wa sita nafasi zimejaa. Barua iwe ya ukurasa mmoja, kwa Kifaransa, iseme unasoma nini, mwaka wa ngapi, unataka kujifunza nini, kuanzia tarehe gani mpaka tarehe gani. Usiandike shida zako zote za ukimbizi humo. Ambatanisha alama zako na barua ya mwalimu. Wanaotaka kusomewa barua kabla ya kuituma, tupo kwenye chumba cha gazeti Alhamisi mchana, na yule msichana wa migomba amekubali kukaa nasi. Na mwenye mgomba unaobanana majani, asiukate kwanza. Aje atuite tuutazame.